Noti Mpya Iliyokataliwa, Noti Chakavu Iliyopokelewa



Mtu yeyote aliyepata kununua kitu katika soko la Goma, la Bukavu au la Lubumbashi anaijua desturi moja ya wafanyabiashara wa Kongo ambayo humshangaza mgeni. Mnunuzi akitoa noti ya dola ya Marekani, muuzaji huiinua kwenye mwanga, huzipapasa kingo zake zote nne, kisha huikunjua mikunjo yake mmoja mmoja. Akiona imechanika, hata kama mchaniko wenyewe hauzidi punje ya mchele, huirudisha kwa adabu na kuomba nyingine. Lakini muuzaji huyo huyo, dakika hiyo hiyo, hupokea noti ya faranga za Kongo iliyokwisha kuwa nyeusi kwa jasho, iliyolegea kama kitambaa cha kufutia vyombo, pengine imeungwa katikati kwa utepe wa gundi, naye huitia mfukoni bila kuitazama mara mbili.

Kwa askari wa Tanzania waliopelekwa Kivu kuanzia mwaka 2013, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa pamoja na wenzao wa Afrika ya Kusini na Malawi, bila shaka desturi hiyo si ngeni. Wako wageni wanaoiita ujinga, na wako wanaoiita ujanja wa walanguzi. Haistahili jina lolote kati ya hayo mawili. Wananchi wa Kongo wamefundishwa na matukio ya miaka mingi kuuliza swali moja kabla ya kupokea noti yoyote: je, ikimkwamia mtu mkononi, ni nani atakayelazimika kuipokea? Na moja katika matukio hayo, ambalo lilimwaga damu nyingi kuliko yote, lilianzia katika mshahara wa askari.

Kwanza yafaa kueleza jinsi benki zinavyozishughulikia noti zilizoharibika, maana wengi hudhani kwamba noti iliyoungua moto au kuliwa na mchwa imekwisha kufa. Thamani ya noti haimo katika karatasi yake. Noti ni ahadi ya benki kuu iliyoitoa, na benki hiyo hubaki na wajibu wa kuitambua ahadi yake hata karatasi ikichakaa. Kanuni inayofuatwa katika nchi nyingi ni ile ya nusu. Nchini Marekani, mtu aliyebaki na kipande kinachozidi nusu ya noti hulipwa thamani yote. Aliyebaki na nusu au chini yake hulipwa pale tu anapoithibitishia serikali kwamba sehemu iliyokosekana imeteketea kabisa. Nchi za Ulaya zinazotumia yuro zina kanuni ya namna hiyo hiyo. Sababu yake ni hesabu ya mtoto wa shule: noti moja haiwezi kutoa vipande viwili ambavyo kila kimoja kinazidi nusu, na kwa hiyo benki haiwezi kulipa mara mbili.

Noti zilizoungwa zina habari yake, nayo inawahusu askari wa polisi hasa. Upo utapeli wa zamani ambapo mtu huchukua noti kadhaa, hukata kila moja ukanda mwembamba mahali tofauti, kisha huziunga upya pamoja na zile kanda mpaka noti tisa zikazaa ya kumi. Kila moja huwa fupi kidogo kuliko ilivyotakiwa, wala mpokeaji mwenye haraka hatambui. Ni kwa sababu ya watu wa namna hiyo kwamba noti nyingi huchapwa namba yake mara mbili, moja kila upande, na karani wa benki anapoletewa noti yenye utepe wa gundi huangalia kwanza kama namba hizo mbili zinalingana. Zikilingana, noti hiyo imepatwa na ajali. Zisipolingana, imepita mikononi mwa fundi. Vivyo hivyo, katika nchi za yuro, mtu anayeleta noti zilizotiwa rangi na mitambo ya kuzuia wizi wa fedha hutakiwa kueleza zilivyompata, na benki ikiwa na sababu ya kutosha ya kushuku uhalifu huzizuia kuwa ushahidi.

Si kila aliyekata noti alikuwa mwizi, hata hivyo. Huko Uingereza katika karne ya 18, mtu aliyetaka kutuma fedha kwa posta aliikata noti yake vipande viwili makusudi, akatuma kimoja, na hakutuma cha pili mpaka amepata habari kwamba cha kwanza kimefika. Mnyang'anyi aliyevamia gari la posta njiani aliambulia nusu karatasi isiyomfaa kitu.

Kwa kanuni hizo, dola iliyochanika kidogo haijapoteza hata senti moja. Kinachoifanya ikataliwe Goma ni umbali. Dirisha linalolazimika kuipokea liko Marekani. Benki ya biashara ya Kongo inayopokea dola chakavu lazima izitenge, izikusanye, izilipie bima na kuzisafirisha ng'ambo, na gharama hiyo yote ni yake. Kwa hiyo benki huzikataa au huzikata thamani. Mfanyabiashara anajua kwamba benki itazikataa, naye humkataa mnunuzi. Mzigo wote humwangukia mtu wa mwisho aliyekutwa nayo mkononi, ambaye mara nyingi ndiye mnyonge kuliko wote katika mlolongo huo.

Faranga ina hali nyingine. Hadi mwaka 2012 noti yake kubwa kuliko zote katika mzunguko ilikuwa ya faranga 500, ambayo haikufikia thamani ya dola moja. Fedha za kununulia gunia la unga zilihesabiwa kwa maburungutu, zikapita mikono mingi kwa siku moja, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuchagua nzuri na mbaya. Julai 2012 Benki Kuu ya Kongo ilianza kutoa noti kubwa zaidi, mpaka ile ya 20,000, lakini zile ndogo ziliendelea kufanya kazi ya soko kila siku. Anayeikataa leo noti chakavu ya jirani yake, kesho atakataliwa ya kwake.

Lakini kuna umbali usiopimwa kwa maili. Yako majira ambapo dirisha la kupokelea noti lilikuwa Kinshasa, katika mji mkuu wa nchi yenyewe, na bado mwananchi hakuweza kulifikia.

Itakumbukwa kwamba nchi hiyo iliacha faranga mwezi Juni 1967, ikaanzisha fedha iliyoitwa zaire, miaka minne kabla nchi yenyewe kupewa jina hilo. Zaire moja ilikuwa sawa na faranga 1,000 za wakati ule, au dola 2 za Marekani. Fedha hiyo haikukaa na nguvu hizo muda mrefu. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 70, madeni yakapanda, na watawala wakazoea kuichota hazina kana kwamba ni kisima cha nyumbani kwao. Siku ya Krismasi ya mwaka 1979 serikali ya Mobutu Sese Seko ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 zimekoma kuwa fedha halali. Mipaka ilifungwa, watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Ilisemekana kwamba shabaha ni wafanya magendo na waliovusha fedha nje ya nchi. Lakini mfanya magendo mkubwa ana marafiki benki. Aliyeumia ni mkulima aliyekaa mwendo wa siku tatu kutoka benki ya karibu, aliyeuza kahawa yake na kuficha noti chini ya kitanda. Noti zake zilikuwa nzima, hazina kovu wala mkunjo. Zilikuwa karatasi tupu.

Watu walilikumbuka somo hilo miaka ya 90 ilipofika.

Kwa wakati huo serikali ya Mobutu ilikuwa imekwisha kufanya mtambo wa kuchapa noti kuwa ndio hazina yake. Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa miavuli waliokuwa karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili, mjini Kinshasa, waliasi kwa sababu ya mishahara yao duni, na uporaji ulioanza hapo ukaenea katika miji mingine. Dawa iliyotafutwa ilikuwa ile ile iliyosababisha ugonjwa, yaani kuchapa noti zaidi, zenye sifuri nyingi zaidi. Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu. Tangu hapo mji mmoja ukawa na mamlaka mbili. Tshisekedi alikuwa na kauli iliyoaminiwa na watu wengi. Mobutu alikuwa na Benki Kuu, mtambo wa noti na bunduki.

Ndipo ilipotolewa noti ya zaire milioni 5. Fedha ambayo mwaka 1967 kila moja ilikuwa na thamani ya dola 2, sasa zikihesabiwa milioni 5 pamoja zilipata dola chache tu. Tshisekedi alitangaza kwamba noti hiyo si fedha halali, kwamba itazidisha mfumuko wa bei, na akawaambia wafanyabiashara wasiipokee. Mobutu aliagiza askari walipwe kwa noti hiyo hiyo.

Hapa inafaa msikilizaji aliyevaa sare aitazame hali hiyo kwa macho ya askari wa cheo cha chini wa Zaire. Amesubiri mshahara kwa muda mrefu. Siku ya malipo amesimama katika mstari, ametia sahihi, amepokea noti mpya zinazonukia wino. Anakwenda dukani kununua unga wa muhogo na sabuni. Mwenye duka anazitazama, anatikisa kichwa na kumrudishia. Anakwenda duka la pili, la tatu. Huko nyumbani watoto wamekwisha kuambiwa kwamba baba amelipwa. Noti hizo hazikuchanika, hazikuungua, namba zake zilikuwa kamili pande zote mbili, nazo zilitolewa na Benki Kuu ya nchi yake, zikaletwa kambini na mlipaji wa jeshi lake. Kwa kila kanuni ya benki zilikuwa noti nzuri. Walioko juu ndio hawakupatana, na ugomvi wao ukaishia katika mfuko wake.

Tarehe 28 Januari 1993 askari waliingia mitaani mjini Kinshasa na bunduki zao. Maduka yalivunjwa, nyumba zikaporwa, wafanyabiashara waliokataa noti wakaandamwa. Kikosi maalumu cha ulinzi wa Rais kilitumwa dhidi ya wenzao, na watu wa nchi moja waliovaa sare ya nchi moja wakauana. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa akiwa ubalozini. Waliouawa katika ghasia hizo walihesabiwa kwa mamia. Ufaransa na Ubelgiji zilituma askari wao kuwaondoa raia wa kigeni, jambo ambalo lilikuwa aibu kubwa kwa taifa lenye jeshi lake.

Hakuna udhuru kwa askari anayemwelekezea raia bunduki. Mwenye duka aliyepigwa risasi siku ile hakuchapa noti ile, wala hakumteua Waziri Mkuu. Alichokataa ni kutoa mali yake halisi kwa karatasi ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuinunulia bidhaa nyingine. Lakini ni haki vile vile kusema kwamba lawama haikuanzia kambini. Kiongozi anayemlipa askari wake kwa fedha anayojua kwamba soko limeikataa, amekwisha kumtuma akapore, hata kama hakutamka neno hilo.

Mobutu alimfukuza Tshisekedi, na serikali mpya aliyoiweka, ambayo wafuasi wa Tshisekedi hawakuitambua, ilitoa fedha nyingine mwezi Oktoba 1993. Iliitwa zaire mpya, na moja yake ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Zile za zamani zikatangazwa kuwa zimekufa. Katika sehemu kubwa ya nchi watu walinung'unika, wakabadilisha. Katika majimbo mawili ya Kasai walikataa.

Kasai ndiko nyumbani kwa Tshisekedi. Isitoshe, wakati huo maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa kutoka Shaba, yaani Katanga, wakirudishwa kwa magari ya moshi katika hali ya kusikitisha, na wengi wao waliuona mkono wa Mobutu katika maafa hayo. Kupokea fedha yake mpya kungekuwa ni kumsamehe. Tena Kasai ilikuwa na almasi ya Mbuji-Mayi, ambayo wanunuzi waliifuata huko huko, na kwa hiyo jimbo lilikuwa na biashara ya kutosha kusimama na fedha yake lenyewe. Mbuji-Mayi na Kananga ziliendelea kununua na kuuza kwa zaire za zamani.

Katika historia ya noti chakavu hakuna tukio la ajabu kuliko hilo katika nchi zinazotuzunguka. Noti zile zilikuwa zimekanwa na benki iliyozitoa. Noti iliyochanika Kasai mwaka 1995 haikuwa na dirisha la kupelekwa popote duniani. Kanuni ya nusu haikuwa na maana, kwa kuwa hapakuwa na wa kuitekeleza. Hapakuwa na noti mpya ya kuchukua nafasi ya ile iliyooza kwa mvua au kuliwa na panya. Karatasi ilipozidi kulegea, iliungwa au ilipotea. Kwa hesabu ya vitabu fedha kama hiyo ilipaswa kufa katika muda wa miezi michache.

Haikufa. Upungufu huo huo ndio uliokuwa ngao yake. Nje ya Kasai mtambo wa serikali uliendelea kuchapa zaire mpya usiku na mchana, na katika mwaka 1994 bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Ndani ya Kasai hakuna aliyeweza kuongeza noti, na kila iliyoraruka kabisa ilipunguza idadi ya zilizobaki. Wananchi walikubaliana bila sheria ya bunge kwamba karatasi hizo zitaendelea kuwa fedha, na makubaliano hayo yakadumu kwa karibu miaka mitano. Mwenye noti chakavu mjini Mbuji-Mayi alikuwa na uhakika wa chakula cha jioni kuliko mwenye noti mpya mjini Kinshasa.

Jambo la namna hiyo lilitokea mwaka huo huo mbali na Afrika, huko Iraki. Mei 1993 serikali ya Saddam Hussein ilibatilisha noti ya dinari 25, lakini Wakurdi wa kaskazini waliendelea kuzitumia noti za zamani mpaka zikachakaa kupita kiasi. Fedha zilipounganishwa baada ya utawala huo kuanguka mwaka 2003, dinari moja ya zamani ilibadilishwa kwa dinari 150 za toleo jipya. Somalia, kwa upande mwingine, inaonyesha hatari ya njia hiyo. Benki Kuu yake ilianguka pamoja na serikali mwaka 1991, shilingi za zamani zikaendelea kupita mkononi hadi kufifia maandishi, lakini huko wachapaji wa bandia hawakuzuiwa na mtu. Miaka mingi baadaye Shirika la Fedha la Kimataifa lilikadiria kwamba karibu noti zote za shilingi katika mzunguko, asilimia 98, ni za bandia. Zilipokewa hivyo hivyo, ingawa ile ya shilingi 1,000 ilikuwa imeshuka mpaka thamani ya senti chache za dola, yaani kiasi kisichozidi sana gharama ya kuichapa.

Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, na nchi ikarudishiwa jina la Kongo. Serikali yake ilikuta fedha mbili katika nchi moja. Tarehe 30 Juni 1998, siku ya kumbukumbu ya uhuru, ilianzisha faranga ya Kongo ili kuziondoa zote mbili. Faranga moja ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000. Kwa watu wa Kasai kiwango kilikuwa faranga moja kwa zaire za zamani milioni 14.

Hesabu ya viwango hivyo ni fupi. Kwa amri ya mwaka 1993, zaire mpya 100,000 zilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Kama amri hiyo ingekuwa kweli, mtu wa Kasai angetakiwa kuleta bilioni 300 kupata faranga yake. Alileta milioni 14. Kwa maneno mengine, karatasi zilizotangazwa kuwa zimekufa ziliipita fedha halali ya serikali zaidi ya mara 21,000, na serikali mpya ililikubali jambo hilo kwa maandishi. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 1993, noti iliyochanika huko Mbuji-Mayi ilikuwa na dirisha la kuipokea.